Mazimwi Waliovikwa Nguo za Mashujaa

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Maneno ya mwalimu yamepigwa chapa kama yalivyosemwa, ili wanafunzi wayasome wenyewe baada ya kusikiliza.

  Kaeni vizuri, kalamu na madaftari yawe tayari. Na wewe, ndugu kiongozi wa darasa, shika chaki mkononi, maana leo nitakuomba uandike ubaoni.

Sote tulisimuliwa hadithi za zimwi tulipokuwa wadogo. Bibi alikaa karibu na moto, akasema, "Paukwa!" nasi tukaitika, "Pakawa!" Zimwi alikula watu, akameza hata kijiji kizima, na sisi tulijikunyata kwa hofu. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyesikia kwamba zimwi amevaa joho na nguo ya kubana, akaenda mjini kuwakamata wezi.

Basi, huko Marekani, mwaka 1966, jambo kama hilo lilitokea katika vitabu vya watoto. Mazimwi watatu waliojulikana sana kwa kutisha walivikwa nguo za mashujaa, wakapewa maadui wa kupigana nao, wakatumwa kuwaokoa wanadamu. Jambo hili lachekesha. Lakini asili yake si ya kuchekesha. Asili yake ni hofu ya wazazi, sheria za wachapaji, na swali moja zito: ni nani wa kuamua watu wasome nini? Hilo ndilo somo letu la leo.

Mazimwi hao walitoka wapi

Kwanza tuwajue mazimwi wenyewe.

Zimwi wa kwanza alizaliwa kitabuni. Mwaka 1818 mwanamke kijana wa Uingereza, Bibi Mary Shelley, alichapisha hadithi iitwayo Frankenstein. Alianza kuitunga mwaka 1816, naye hajatimiza bado miaka 19. Hadithi yasimulia habari za mwanafunzi wa elimu ya sayansi, Victor Frankenstein, aliyeunda kiumbe mkubwa na kumtia uhai. Alipomwona macho yamefunguka, aliogopa sura yake, akamkimbia. Wengi hudhani kwamba Frankenstein ni jina la zimwi. Sivyo. Ni jina la yule aliyemuunda, na kiumbe mwenyewe hakupewa jina.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana lawahusu ninyi hasa. Kiumbe yule hakuzaliwa na ubaya. Alijificha kando ya nyumba ya watu maskini, akawatazama kupitia ufa wa ukuta. Humo ndani kijana mmoja alikuwa akimfundisha mwanamke mgeni lugha yao na kusoma. Kiumbe akasikiliza masomo yale yasiyokuwa yake, akajifunza kusema na kusoma. Baadaye aliokota vitabu msituni, akavisoma. Akajipa moyo, akaingia kuzungumza na mzee wa nyumba ile, aliyekuwa kipofu, na mzee akamsikiliza kwa upole. Lakini watoto wa mzee waliporudi na kuiona sura yake, walimpiga na kumfukuza. Tangu hapo ndipo moyo wake ulipogeuka. Shikeni habari hiyo, tutairudia mwishoni.

Zimwi wa pili ni Dracula. Yeye alitungwa na Bwana Bram Stoker, mtu wa Ireland, katika kitabu cha mwaka 1897. Dracula ni bwana mkubwa wa Transylvania, nchi ya milima ambayo leo ni sehemu ya Romania. Ni mfu asiyekufa. Usiku hunyonya damu ya watu, naye aweza kujigeuza popo.

Zimwi wa tatu hana mtungaji mmoja. Watu wa Ulaya tangu zamani wana hadithi za mtu ambaye hugeuka mbwa mwitu, kama vile watu wa nchi zetu walivyo na hadithi za mtu ambaye hugeuka fisi au chui.

Baadaye mazimwi hawa waliingia katika sinema. Mwaka 1931 kampuni ya Universal ya Marekani ilitoa picha mbili, Dracula na Frankenstein, na mwaka 1941 ikatoa picha ya mtu mbwa mwitu. Picha hizo zilipendwa mno. Lakini tazameni kilichompata kiumbe wa Bibi Shelley. Katika picha ya 1931 hasemi hata neno moja. Huguna na kunguruma tu. Yule aliyejifunza kusoma peke yake alinyang'anywa ulimi.

Hofu ya wazazi

Sasa twende kwenye vitabu vya katuni, yaani vitabu vyembamba ambavyo hadithi yake husimuliwa kwa picha, na maneno huandikwa ndani ya viduara juu ya vichwa vya watu. Katika miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1950, vitabu hivyo viliuzwa Marekani kwa mamilioni kila mwezi. Bei ilikuwa senti 10 tu. Mtoto aliweza kukinunua kwa fedha yake mwenyewe bila kumwuliza mzazi, na hapo ndipo wasiwasi ulipoanza.

Vitabu vingine vilikuwa vya kuchekesha, vya wanyama wasemao. Lakini vingine vilikuwa vya uuaji, maiti na damu. Wazazi na walimu wakaona kwamba vinawaharibu watoto. Mwaka 1948, katika mji wa Spencer, jimbo la West Virginia, watoto wa shule walivikusanya vitabu vya katuni, vikachomwa moto. Miji mingine ikafanya vivyo hivyo.

Mtu aliyeipa hofu hiyo nguvu ni daktari wa maradhi ya akili, Dakta Fredric Wertham. Tusimdharau. Alikuwa ameanzisha zahanati katika mtaa wa Harlem, New York, ili kuwatibu watu weusi maskini, wakati ambapo wengi hawakuwajali. Aliona watoto wengi wenye shida, na wengi wao walisoma katuni. Mwaka 1954 alitoa kitabu, Seduction of the Innocent, maana yake kupotoshwa kwa wasio na hatia. Humo alisema kwamba katuni ni sababu mojawapo ya watoto kuingia katika uhalifu.

Mwaka huo huo kamati ya Baraza la Seneti ilikaa New York kuchunguza jambo hilo. Tarehe 21 Aprili 1954 Dakta Wertham alitoa ushahidi. Siku hiyo hiyo alisimama pia mchapaji mmoja, Bwana William Gaines, aliyekuwa akitoa katuni za kutisha. Seneta mmoja alimwonyesha jalada la kitabu chake, lenye picha ya mtu aliyeshika shoka na kichwa cha mwanamke kilichokatwa. Akamwuliza kama hilo ni jambo la adabu. Bwana Gaines akajibu kwamba kwa jalada la kitabu cha kutisha, ndiyo, ni la adabu. Jibu hilo lilimwangusha mbele ya watu wote.

Serikali ya Marekani haikutunga sheria ya kuvizuia vitabu hivyo nchini kote. Wachapaji wenyewe ndio waliojifunga. Mwezi wa Oktoba 1954 chama chao kilitoa kanuni. Kila kitabu kilichagulliwa kabla ya kuuzwa, na kilichokubaliwa kilipigwa muhuri juu ya jalada. Kanuni zilikataza wafu watembeao, wanyonya damu na watu wageukao mbwa mwitu. Hata neno "kutisha" halikuruhusiwa katika jina la kitabu. Kitabu kisicho na muhuri kilikuwa na shida kubwa ya kufika madukani, kwa kuwa wasambazaji wengi walikikataa. Bwana Gaines akafunga vitabu vyake vya kutisha. Uingereza nayo ilifuata njia yake: mwaka 1955 Bunge lilipitisha sheria juu ya vitabu vya picha vinavyowadhuru watoto.

Hivyo Dracula na mwenziwe mbwa mwitu walifukuzwa katika katuni.

Mlango mmoja uliobaki wazi

Lakini kampuni moja haikujiunga na kanuni hizo. Ni kampuni ya Dell. Hiyo haikuwa kampuni ndogo yenye kujificha, bali ilikuwa kubwa kuliko zote katika biashara ya katuni. Ilitoa vitabu vya Donald Duck na vya wanyama wengine wa kuchekesha. Mmoja wa wakuu wake, Bibi Helen Meyer, aliiambia kamati ya Seneti kwamba vitabu vya Dell ni safi tangu zamani. Hawakutaka jina lao jema liwe mwavuli wa kuwakinga wachapaji wabaya. Badala ya muhuri, Dell iliwapa wazazi ahadi yake yenyewe, kwamba katuni zake ni katuni njema.

Kwa hiyo Dell ilikuwa na uhuru ambao wengine hawakuwa nao. Iliweza kuchapa jina la Dracula juu ya jalada. Lakini ilikuwa imefungwa na ahadi yake. Uhuru mkono mmoja, ahadi mkono wa pili.

Halafu shida ya biashara ikaja. Wanyama wale wa kuchekesha hawakuwa mali ya Dell. Mwaka 1962 kampuni ya Western, iliyokuwa ikivitengeneza vitabu hivyo, iliachana na Dell, ikawachukua Donald Duck na wenzake. Dell ikabaki ikitafuta majina mengine yanayojulikana. Na mazimwi walijulikana na kila mtoto. Tangu mwaka 1957 picha za zamani za Universal zilikuwa zikionyeshwa katika televisheni, na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1931 walizipenda. Mwaka 1964 ikaanza michezo ya televisheni ya familia za mazimwi wapole, wenye kuishi kama majirani wa kawaida. Tena kitabu cha Bibi Shelley na kile cha Bwana Stoker vilikuwa vya zamani, na majina yale hayakuhitaji kulipiwa.

Jambo la mwisho lilitokea tarehe 12 Januari 1966. Siku hiyo ulianza katika televisheni mchezo wa Batman, yaani Mtu Popo, shujaa wa katuni aliyevaa joho na barakoa yenye masikio. Mchezo huo ulikuwa wa mzaha. Waigizaji walisema maneno ya kipuuzi kwa nyuso zenye uzito, bila kucheka, na kwa sababu hiyo watazamaji walicheka zaidi. Ngumi ilipompata mtu, neno la mshindo lilitokea kwenye kioo kwa herufi kubwa. Nchi nzima ikashikwa na wazimu wa mashujaa. Kila mchapaji akataka shujaa wake.

Dell ikafanya hesabu: mazimwi wanapendwa, mashujaa wanapendwa, basi na tuwaunganishe. Kati ya mwaka 1966 na mwanzo wa 1967 zikatoka katuni za Dracula, Frankenstein na Werewolf, yaani mtu mbwa mwitu. Bwana Tony Tallarico alikuwa mchoraji wao. Bei ilikuwa senti 12.

Mashujaa watatu wa ajabu

Hebu tuwatazame mmoja mmoja.

Dracula huyu si yule mnyonya damu wa zamani, bali ni mjukuu wa ukoo wake. Ni daktari. Anakaa katika ngome ya wazee wake akitafuta dawa ya kuponya ubongo ulioumia, na dawa yenyewe aitengeneza kwa kuwachunguza popo. Kwa bahati mbaya dawa yamwingia mwilini, naye apata uwezo wa kujigeuza popo. Aapa kwamba atalisafisha jina la ukoo wake, ahamia Marekani, aufanyia mwili mazoezi, ajishonea nguo ya kubana na barakoa. Wanadamu wengine hula nyama na kunywa maziwa, naye hali kadhalika. Damu haigusi.

Ndugu kiongozi wa darasa, andika ubaoni herufi hizi: D, R, A, C, U, L, A. Umemaliza? Sasa wanafunzi, zisomeni kutoka mwisho kwenda mwanzo. Mwapata Alucard. Ndilo jina alilojipa shujaa huyu ili asijulikane: Al U. Card. Mchezo huo wa herufi ulikuwa umekwisha kutumika katika sinema ya mwaka 1943. Mtu asiyejua kusoma hawezi kuugundua. Ninyi mmeugundua sasa hivi.

Wa pili, Frankenstein. Hapa jina limekuwa la zimwi mwenyewe. Kiumbe huyu aamka katika ngome iliyoachwa, baada ya kulala miaka 100. Ana nguvu nyingi na akili nyingi. Kwa kuwa uso wake watisha, ajitengenezea uso wa bandia ufananao na wa mtu, na mchana aitwa Frank Stone. Andikeni neno Stone, na chini yake neno Stein. Stein kwa Kijerumani ni jiwe, na Stone kwa Kiingereza ni jiwe pia. Jina ni lile lile, limebadili lugha tu. Hatari itokeapo, shujaa avua uso wa bandia na kupigana kwa uso wake wa kweli.

Wa tatu, mtu mbwa mwitu, hata kugeuka hageuki! Jina lake ni Wiley Wolf, rubani wa jeshi la Marekani. Ndege yake yaanguka katika nyika za barafu za kaskazini, naye aishi pamoja na mbwa mwitu, ajifunza mbinu zao, apata mmoja wao kuwa rafiki, jina lake Thor. Arudipo kwao afanywa jasusi wa serikali. Vaeni mtu nguo nyeusi, mpeni mbwa mwitu wa kufuatana naye, haya, zimwi amekwisha.

Mwaona mbinu iliyotumika? Kila zimwi aliondolewa lile lililomfanya zimwi. Mnyonya damu hanyonyi, mgeukaji hageuki, na kiumbe wa kutisha afichwa uso. Yalibaki majina.

Nini kilifuata

Vitabu hivyo havikudumu. Kila shujaa alipata vitabu vitatu tu, kisha wakanyamaza. Kwa maoni yangu si ajabu. Mtoto aliyetaka kuogopa hakuogopa, na aliyetaka shujaa alikuwa naye Batman tayari. Lakini hata leo wako watu wanaovitafuta vitabu hivyo na kuvicheka kwa mapenzi.

Mwaka 1971 chama cha wachapaji kililegeza kanuni zake. Wanyonya damu na watu mbwa mwitu wakaruhusiwa, mradi wafuate desturi ya vitabu vya zamani vyenye heshima. Mwaka 1972 kampuni ya Marvel ikaanza kutoa kitabu cha Dracula wa kweli, mnyonya damu kama alivyotungwa, nacho kikaendelea kwa miaka. Kanuni zenyewe zilikufa kabisa mwaka 2011, kampuni za mwisho zilipoacha kutumia muhuri.

Na kile kitabu cha Dakta Wertham? Karatasi zake ziliwekwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, na mwaka 2010 zikafunguliwa kwa wachunguzi. Bibi Carol Tilley, mwalimu wa elimu ya maktaba, alizisoma moja moja. Mwaka 2012 alitoa matokeo yake. Aliona kwamba daktari alikuwa amebadili maneno ya watoto mahali pengine, amechanganya habari za watoto mbalimbali, na ameacha sababu nyingine za shida zao. Nia yake yaweza kuwa njema, lakini ushahidi aliupinda. Ilichukua karibu miaka 60 hata mtu akaketi na kuusoma.

Tujifunze nini

Wasikilizaji wapenzi, sisemi kwamba wazazi wale walikosea kuwajali watoto wao. Mzazi asiyejua mtoto wake anasoma nini ni mzazi aliyelala. Jalada lile la shoka na kichwa, mimi nisingempa mtoto wangu wa miaka saba. Lakini kuna tofauti kati ya mzazi anayekaa na mtoto wake, wakafungua kitabu pamoja na kusema, "Hiki bado, hiki ndiyo," na umati wa watu unaochoma vitabu usivyovifungua.

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa nje wavutia, ndani hamna kitu. Habari ya leo yatuonyesha pia upande wa pili. Kiumbe wa Bibi Shelley alikuwa mbaya kwa nje, na ndani yake mlikuwa na mtu aliyetaka kusema na wenziwe. Waliomwona hawakungoja asema. Kipofu peke yake ndiye aliyemsikiliza.

Tena mkumbukeni vile alivyojifunza. Alikuwa mkubwa wa mwili tayari, hakuwa mtoto. Hakuwa na dawati wala mwalimu wake mwenyewe. Alisikiliza sauti iliyopita ukutani, akafuata herufi mpaka zikamkubali. Sinema ikamnyang'anya maneno, katuni ikamrudishia maneno ikamfunika uso. Mkitaka kumjua yeye mwenyewe, hakuna njia ila kusoma kile kitabu cha 1818.

Ninyi nanyi mwajifunza kwa sauti ipitayo ukutani. Mtaambiwa mara nyingi kwamba kitabu hiki ni kizuri na kile ni kibaya. Sikilizeni, maana wasemao huenda wakawa na sababu. Lakini mkiisha kusikiliza, fungueni kitabu wenyewe.

Maswali ya kujibu darasani

1. Jina Frankenstein ni la nani katika kitabu cha mwaka 1818?
2. Kanuni za wachapaji za mwaka 1954 zilikataza mazimwi gani?
3. Kwa nini kampuni ya Dell iliweza kuchapa katuni ya Dracula mwaka 1966?
4. Andika jina lako, kisha liandike kutoka mwisho kwenda mwanzo. Je, lingefaa kuwa jina la shujaa?
5. Zungumzeni: ni nani anayefaa kumchagulia mtoto kitabu cha kusoma, na kwa nini?